Kompyuta Moja, Wachezaji Wawili: Somo la Kulinganisha kwa Haki

Kompyuta inapofika katika chuo cha ualimu au shule ya msingi, mara nyingi huwa ni moja tu. Huwekwa ofisini, hufunikwa kitambaa isiingie vumbi, hutumika kuchapia mitihani na barua, na mwanafunzi huiona kwa kuchungulia dirishani. Walimu wakiulizwa kwa nini haitumiki kufundishia, jibu huwa ni lile lile: wanafunzi ni wengi na chombo ni kimoja. Katika makala haya tunakusudia kulipinga jibu hilo. Tunashikilia kwamba yako masomo ambayo kompyuta moja huyafaa kuliko kumi. Mojawapo ni somo ambalo mwalimu mtarajiwa analihitaji sana, nalo ni kulinganisha vitu viwili kwa haki.

Njia tunayoipendekeza ni nyepesi. Tusimketishe mwanafunzi mmoja mbele ya kompyuta acheze nayo sataranji, ambayo vijana huiita chesi, huku wenzake sabini wakingoja zamu isiyofika. Tuweke programu mbili za sataranji ndani ya kompyuta hiyo moja, zichezeane. Darasa zima litazame, liandike, libishane, na mwisho litoe hukumu: ipi ni bora, na tumejuaje? Swali hilo la pili, "tumejuaje?", ndilo kiini cha yote tutakayoyasema.

MCHEZO UNAVYOKWENDA

Pambano la namna hii lina wahusika watatu. Wawili ni programu zinazocheza. Wa tatu ni programu ya mwamuzi, ambayo huonyesha ubao, hushika saa na kupeleka habari huku na huku. Wachezaji hawaonani. Mwamuzi humpelekea wa kwanza hali ya mchezo kwa maandishi, naye hujibu kwa maandishi mafupi, kwa mfano e2e4, maana yake kete iliyo kwenye nyumba ya e2 ihamie e4. Mwamuzi huisogeza kete ubaoni, kisha humpelekea wa pili habari hiyo na kungoja jibu lake. Lugha ya maandishi inayotumiwa na programu nyingi kwa kazi hii ilitungwa na Rudolf Huber na Stefan Meyer-Kahlen mwaka 2000. Programu kama Stockfish na GNU Chess hutolewa bila malipo, na mwamuzi kama Cute Chess vilevile. Zikiisha kunakiliwa hazihitaji intaneti tena, na kompyuta ya zamani yatosha kuziendesha.

Kushindanisha kompyuta kwa sataranji si jambo geni. Katika miaka ya 1966 na 1967 programu ya wataalamu wa Moscow ilicheza michezo minne na programu ya Marekani iliyokuwa Stanford. Hatua zilipelekwa kwa simu ya maandishi kwa miezi kadhaa, na Moscow ikashinda kwa pointi 3 kwa 1. Mwaka 1974 yakafanyika mjini Stockholm mashindano ya kwanza ya dunia ya programu za sataranji, na mshindi akawa Kaissa wa Urusi ya Kisovieti.

Mwaka huo huo wa 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na mwezi wa Novemba Azimio la Musoma likaagiza kwamba kila mtoto wa umri wa kwenda shule apate elimu ya msingi. Marufuku ile imekwisha zamani na kompyuta zimeingia hata vijijini. Hata hivyo swali la Musoma lingali nasi: kidogo kilichopo kitawafikiaje wote?

Tuirudie Stockholm, maana ina funzo kwetu. Kaissa haikuwapo ukumbini. Iliendeshwa na kompyuta iliyokuwa Moscow, na hatua zake zikatumwa kwa simu. Wapinzani wake nao walikuwa na mashine zao za namna mbalimbali. Basi mtu angeweza kuuliza: iliyoshinda ni programu au ni mashine? Chuo chenye kompyuta moja hakina shaka hiyo. Wachezaji wote wawili hutumia mashine ile ile, kama timu mbili zichezavyo katika uwanja mmoja. Uchache wetu, ambao tumezoea kuulalamikia, katika jambo hili ni faida.

MASHARTI YA HAKI

Lakini uwanja kuwa mmoja hakutoshi. Mwanachuo atakayejaribu zoezi hili ataona upesi kwamba kuna njia nyingi za kumpendelea mchezaji mmoja pasipo kukusudia. Tunazitaja zilizo kubwa.

Kwanza, kazi ya mashine. Programu nyingi za sataranji huweza kuendelea kufikiri hata wakati wa zamu ya mpinzani. Kila programu ikiwa na kompyuta yake hilo halina dhara. Katika kompyuta moja, hasa iliyo dhaifu, anayefikiri nje ya zamu yake huila nguvu ya mashine ambayo kwa wakati huo ni haki ya mwenzake. Hapana budi ruhusa hiyo ifungwe kwa wote wawili.

Pili, saa na kumbukumbu. Kila mmoja apewe dakika zile zile na sehemu sawa ya kumbukumbu ya kompyuta. Aidha, jumla ya sehemu hizo isizidi uwezo wa mashine, kwani ikizidi kompyuta hulazimika kuandika na kusoma kwenye diski kila mara, na mchezo wote huenda kwa kujikokota.

Tatu, nani aanze. Katika sataranji mwenye kete nyeupe ndiye anayeanza, na uzoefu wa miaka mingi umeonyesha kuwa weupe hupata zaidi kidogo ya nusu ya pointi. Kwa hiyo kila mchezo uchezwe mara mbili, na rangi zibadilishwe.

Nne, michezo iwe tofauti kweli. Programu iliyoagizwa kufikiri kwa kina kile kile, ikipewa hali ile ile, huweza kutoa jibu lile lile kila mara. Mtu akiendesha michezo 10 kutoka mwanzo mmoja anaweza kudhani ana ushahidi wa michezo 10, kumbe ana mchezo mmoja ulionakiliwa mara 10. Dawa yake ni kuanzia hali mbalimbali za ubao zilizochaguliwa kabla ya pambano.

Tano, idadi. Hapa ndipo wengi wetu hujikwaa. Programu moja ikishinda michezo 6 na nyingine 4, darasa hupiga makofi na kumtangaza bingwa. Tuchukue shilingi na kuirusha mara 10. Shilingi haina ufundi wowote. Pande zake mbili zina nguvu sawa. Hata hivyo matokeo ya 5 kwa 5 hupatikana karibu mara 1 tu kati ya 4. Mara 3 kati ya 4 upande mmoja "hushinda" kwa 6 kwa 4 au zaidi. Tukiirusha mara 100, pengo la 60 kwa 40 au zaidi hutokea karibu mara 6 tu katika majaribio 100. Uwiano ni ule ule, lakini uzito wa ushahidi si mmoja. Wanafunzi wa darasa la sita wanaweza kulithibitisha jambo hili kwa mikono yao katika kipindi kimoja, kila kikundi kikirusha shilingi yake na matokeo yakiandikwa ubaoni.

Sita, tupime kipimo chenyewe. Kabla ya pambano, programu moja ichezeshwe na nakala yake. Matokeo ya michezo mingi yakiegemea upande mmoja, ujue kosa limo katika maandalizi na si katika wachezaji.

Asidhani mtu kwamba masharti haya ni ya kitoto. Mwezi wa Desemba 2017 kampuni ya DeepMind ya London ilitangaza kwamba programu yake, AlphaZero, ilicheza michezo 100 na Stockfish, ikashinda 28, ikatoka sare 72, na haikufungwa hata mmoja. Wajuzi wa sataranji walistaajabu, kisha wakauliza maswali. Stockfish ilipewa kumbukumbu ndogo kulingana na mashine yake, ililazimishwa kutumia dakika moja kwa kila hatua badala ya kuugawa muda wake yenyewe, na mashine za wachezaji hao wawili hazikuwa za aina moja. Desemba 2018 yalichapishwa matokeo mapya ya michezo 1,000 yaliyojibu sehemu kubwa ya malalamiko hayo: AlphaZero ilishinda 155 na kufungwa 6, na iliyobaki ikawa sare. Mshindi hakubadilika, lakini ushindi wake sasa ulikuwa na uzito ambao haukuwa nao kwanza. Ikiwa wataalamu wenye mashine za thamani kubwa huulizwa "mmejuaje?", mwalimu wa Ikungi au Manyoni naye asione haya kuulizwa.

PASIPO KOMPYUTA WALA UMEME

Mwanachuo wa Kinampanda atakayekwenda mazoezi ya kufundisha katika kijiji cha Iramba au Mkalama huenda akatuambia: huko niendako hata hiyo kompyuta moja haipo. Tunamjibu kwamba programu si chuma wala umeme. Programu ni maagizo yaliyoandikwa ambayo hufuatwa bila kuongezwa wala kupunguzwa. Mwingereza Alan Turing, mmoja wa waasisi wa elimu ya kompyuta, alitunga maagizo ya kucheza sataranji kabla ya kuwapo mashine ya kuyatekeleza. Mwaka 1952 alicheza na Alick Glennie akiyafuata kwa kalamu na karatasi. Kila hatua ilimchukua karibu nusu saa, na maagizo yake yakashindwa. Lakini ile ilikuwa programu kamili, na kompyuta yake ilikuwa mtu.

Basi nasi tufanye hivyo. Wengine watapenda kutumia bao, mchezo ambao Mwalimu Nyerere mwenyewe aliupenda. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na kanuni zake ni nyingi mno kwa somo la kwanza. Tuanze na kitu chepesi zaidi. Tuokote kokoto, ambazo katika mkoa huu wa miamba hazikosekani, na kuweka 21 mezani. Wachezaji wawili huchukua kwa zamu kokoto 1, 2 au 3. Anayechukua ya mwisho ndiye mshindi.

Sasa tuandike programu mbili kwenye vipande vya karatasi. Ya kwanza tuiite Jongoo: "Zikibaki 3 au pungufu, chukua zote, vinginevyo chukua 1." Ya pili tuiite Sungura: "Zikibaki 3 au pungufu, chukua zote, vinginevyo chukua 2." Mwanafunzi mmoja ashike karatasi ya Jongoo, mwingine ya Sungura, na wa tatu awe mwamuzi atakayehesabu na kuandika. Hakuna ruhusa ya kutumia akili yake mtu. Hufuatwa karatasi tu.

Jongoo aanze. Atashinda. Rudieni mara 10, atashinda mara 10. Waulizeni wanafunzi: nani bora? Darasa litapaza sauti: "Jongoo!" Kisha mwalimu aseme neno moja tu: "Sasa Sungura aanze." Sungura atashinda, tena mara 10 kati ya 10. Hapo darasa litanyamaza, na kunyamaza huko kuna thamani kubwa kuliko maelezo ya saa nzima. Watoto watakuwa wamegundua wenyewe kwamba kilichoshinda ni zamu ya kuanza, na kwamba ile michezo 10 ilikuwa mchezo mmoja.

Wala tusiishie hapo, maana wataanza kusema kuwa Jongoo na Sungura ni sawasawa. Tuongeze kokoto ziwe 22. Sasa anayeanza ndiye anayeshindwa, awe nani. Tuongeze ziwe 23. Jongoo hushinda, aanze asianze. Tukijumlisha michezo hii sita, yaani kokoto 21, 22 na 23, kila mmoja akianza mara moja, Jongoo ana 4 na Sungura ana 2. Kumbe tofauti ilikuwapo, ila mwanzo mmoja usingeweza kuionyesha. Hatimaye wanafunzi watunge programu zao wenyewe za kuwashinda wote wawili. Atakayegundua kwamba ni vema kumwachia mpinzani 4, 8, 12, 16 au 20 kila inapowezekana atakuwa amejifunza hesabu za kugawanya kwa furaha, bila kiboko wala kukariri.

KUTOKA MCHEZONI HADI DARASANI

Tumeeleza mchezo kwa kirefu kwa sababu tunajali jambo lililo nyuma yake. Kila mwalimu ni mlinganishaji. Mwanachuo hurudi kutoka mazoezini akasema, "Njia ya kufundisha kusoma kwa silabi ni bora kuliko ya maneno mazima, niliijaribu mkondo A, na ile nyingine mkondo B, na A wakafaulu." Tumuulize yale tuliyoiuliza kompyuta. Je, mkondo A ulifundishwa asubuhi na B saa saba, njaa ikiuma? Je, mikondo ililingana kwa idadi ya wanafunzi, vitabu na madawati? Je, uliwahi kubadilisha, B wakapewa silabi na A maneno mazima katika mada nyingine? Je, ulijaribu mara ngapi? Mkulima wa alizeti wa Singida anayetaka kujua mbegu ipi ni bora hapandi moja penye samadi na nyingine penye changarawe. Itakuwaje mwalimu awe mzembe kuliko mkulima?

Lipo pia jambo zito zaidi, nalo ni hukumu tunazowatolea watoto. Mtoto akipata alama 4 katika 10 na mwenzake 6, upesi mmoja huitwa mzito na mwingine mwepesi. Mzito hupelekwa nyuma ya darasa, haulizwi maswali tena, na baada ya mwaka anakuwa kile alichoitwa. Tumekwisha kuona kwamba shilingi isiyo na akili yoyote huweza kutengana 6 kwa 4 na nafsi yake yenyewe. Huyo aliyepata 4 pengine alitembea kilomita nyingi kabla ya kengele, au siku hiyo alikuwa na homa, au maswali yaliangukia mada aliyokosa. Mtihani mmoja ni mwanzo mmoja wa ubao. Mwalimu aliyeiona zamu ya kuanza ikimtawaza Jongoo na kumvua taji dakika hiyo hiyo hatakuwa mwepesi kumpa mtoto jina.

PINGAMIZI MBILI

Wapo watakaosema kwamba huku ni kupoteza muda kwa michezo wakati muhtasari ni mrefu. Jibu letu ni kwamba ndani ya zoezi hili mmo kuhesabu, kuandika kumbukumbu, kufuata maagizo, kutabiri na kuthibitisha. Hayo yote ni mambo tunayopaswa kuyafundisha katika Hisabati na Sayansi. Tofauti ni kwamba hapa mtoto ana sababu ya kuyataka.

Wengine watasema, na hawa wana haki, kwamba watoto si programu. Programu hurudishwa mwanzoni, ikasahau yote, ikacheza upya. Mtoto hupita darasa la kwanza mara moja. Wala haifai kuwanyima nusu ya watoto njia tunayoamini ni njema ili tu tupate pa kulinganishia. Tunakubali kabisa. Lakini hilo halitupi ruhusa ya kuhukumu kwa pupa. Linatuongezea wajibu wa kujizuia. Iwapo kwenye kompyuta, ambako twaweza kurudia mara 1,000, bado hukumu zetu hukosea, basi darasani, ambako haturudii kitu, tunahitaji uangalifu mara nyingi zaidi. Tubadilishane mikondo kwa mada, tuandike tuliyoyaona siku ile ile, tulinganishe daftari zetu na za wenzetu wa shule jirani, na tuwe tayari kusema "bado haijadhihirika" pale isipodhihirika.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa ndugu zetu wanachuo. Mahali penye kompyuta, kitambaa kiondolewe, programu mbili zitiwe ndani, na darasa lialikwe liwe mwamuzi. Mahali pasipo na kompyuta, kokoto zipo. Kila kikundi kiandike kwanza masharti ya haki, ndipo kiandike matokeo. Na kila mwanachuo atakayeleta ripoti ya mazoezi ya kufundisha inayosema njia hii imeishinda ile, ajiandae kuulizwa nani alianza, mara ngapi, na kama pande zilibadilishwa. Asiyeweza kujibu arudi darasani akajaribu tena kabla ya kutufundisha sisi.